Manjano Chini ya Ngola

Kisangani, hospitali, Makiso
Tarehe 11 Februari 2024

Yaya Adèle,

Hii barua inakuja kwako, dada yangu mukubwa, kwa mukono wa papa Rachidi, yule muchuuzi anayerudi kwetu Opala na chumvi na sabuni zake. Ameapa ataiweka mukononi mwako wewe, siyo mukononi mwa mama. Simu yako haiingii tangu Noeli. Mugongo ya mama iko namna gani? Na mutoto yako Henri, anakula? Umubusu kwa kichwa kwa ajili yangu, hata kama hatajua busu imetoka kwa nani. Huku mvua inapiga kila siku, pondu, majani ya muhogo tu, imekuwa bei ya nyama. Franck angali kwenye baleinière, ile mashua yao ya mizigo, kati ya hapa na Bumba, sijui wapi. Hajui hata kama amekuwa baba.

Ndiyo, yaya, nimezaa. Musichana, Fanny. Alikuja mbele ya wakati wake, mwezi ya nane ilikuwa haijaisha. Usiogope. Ana kucha, ana nywele, analia. Kilo mbili haifiki, lakini kamili. Ukimuona utasema ni mutoto wa kawaida, wamemupunguza tu kidogo kila upande.

Bon, sasa sikia kitu kinachonikosesha usingizi. Hawatuachi tutoke. Tuko katika chumba cha mama wa watoto wadogo, kila mutu amefunga mutoto wake kifuani, ngozi kwa ngozi, tunatembea na shati wazi kama wanaume wa bandari. Infirmière, muuguzi anayetuangalia, ni Mama Karima, Muislamu, mwanamuke munene mwenye macho ya kuchunguza. Wenzangu wanamuita Polisi. Akitokea mulangoni wanasema, "Polisi anakuja, ficheni usingizi!" Naye anajibu, "Polisi amefika. Mama Fanny, munyonyeshe."

"Amelala, mama."

"Ndiyo sababu. Muamushe. Huyu bado hajui kusikia njaa."

Yaya, mutoto gani hajui njaa? Tena wanamuchoma kisigino, wanatoa damu kidogo, wanaitia kwa kamashine. Wanamupima joto, wanamupima kilo. Nikamuuliza, "Mutoto iko na nini?" Akasema, "Hakuna kitu, tunamuangalia tu." Mutu anaangalia kitu chenye hakina kitu?

Unajua mimi na macho ya watu, wakati nina mutoto mikononi. Ule mwaka tuliona Henri yako hasikii, akaanza kujinyoosha kama fimbo, nilikuwa na miaka kumi na tatu na ni mimi nilikuwa ninamubeba. Katika chumba cha maombi wakasema ndoki, muchawi, ni mimi, nimekula masikio yake, na mama akaniweka kwenye pirogue, mutumbwi wa kuja huku. Siandiki hii kwa kukukumbusha. Nataka kujua tu: umemuambia mutu huku Kisangani? Kwa nini huyu mwanamuke anaangalia mikono yangu?

Kuja, yaya. Tantine Philomène, yule shangazi wa Franck, anataka nitoke, mutoto akae kwa nyumba yenye giza, apakwe ngola, ule unga wa muti, na mafuta awe mwekundu kichwa mpaka kisigino, kama watoto wote wa kwetu. Mi pia nataka. Nataka kufanya yote sawasawa, mutu asipate mahali pa kusema.

Mudogo yako,
Chimène


Opala, 3 Marsi 2024

Chimène,

Barua imefika, kona moja imelowa. Rachidi alinipa mukononi, kweli, lakini mama alikuwa amekaa palepale anachambua muchele, basi utajua mwenyewe kama iliendelea kuwa siri.

Huku tunaishi. Mama anakohoa usiku. Muhogo imetoka vizuri. Henri amekuwa mukubwa, uzito yake inanivunja kiuno. Asubuhi namukalisha kwa kiti chenye baba yake alimupigia misumari, namufunga na kitambaa asianguke, na akiona mbuzi anacheka. Nimefurahi sana juu ya Fanny. Mungu amunenepeshe.

Sijamuambia mutu kitu. Ningemuambia nani? Anayeangalia mikono yako ni wewe.

Kuja, siwezi. Tumbo inanisumbua na baleinière inatikisa. Usiulize sana.

Kwa maneno ya ngola, tantine wa bwana yako ana haki. Mutoto akizaliwa anapakwa, la sivyo watu wanasema mama yake ni muvivu au anaficha kitu. Rachidi atakuletea kipande cha kwetu, siyo ile ya soko ya huko yenye kuchanganywa na tofali. Mama ameisaga mwenyewe kwa jiwe. Henri tulimupaka hiihii, akang'aa kama shaba, watu walikuwa wanakuja kumuangalia mulangoni. Na alikuwa mutoto wa adabu. Hakulia, hakusumbua mutu, analala tu.

Mama anasema usimubebe Fanny sana. Amesema hivyo tu, naandika kama alivyosema.

Adèle


Kisangani, Mangobo
21 Marsi 2024

Yaya Adèle,

Asante kwa barua, na mama apone kifua. Mutu amupikie majani ya mulimau, yeye mwenyewe hatapika, namujua. Franck amerudi. Alikuja na samaki ya moshi kikapu kizima, akamuona binti yake, akalia mpaka jirani akauliza ni nani amekufa. Ngola yako imefika pia. Nimeiweka juu ya kabati. Sijaigusa, na usiniulize bado kwa nini.

Mbele ya barua yako kufika, nilikuwa nimekwisha kutoka hospitali. Tantine Philomène alikuja na toleka mbili, baiskeli za kubeba watu, moja yake moja yangu, akagombana na watu wa hospitali mpaka wakachoka. Nikaandika jina langu kwa karatasi kwamba natoka kwa kutaka kwangu. Mama Karima hakupiga kelele. Alisema tu, "Umulete Jumanne apimwe. Na umuangalie kwenye mwanga." Nikafikiri, ananitega huyu.

Nyumbani tukafunga dirisha na kitambaa cha kikwembe. Tantine akamupaka Fanny ngola, na mi pia, tukawa wekundu wawili ndani ya giza. Na mutoto akatulia, yaya! Ananyonya mara mbili, analala. Namugusa shavu, analala. Tantine akafurahi: "Unaona? Hospitali ndiyo ilikuwa inamusumbua." Mi pia nilifurahi. Nikasema, sasa waje waone kama najua kulea.

Jumanne nikamupeleka, kwa kuonyesha tu. Mama Karima akafungua kikwembe: "Na huyu? Umeniletea mutoto ao tofali?" Wanawake wakacheka. Nilisikia haya na hasira, nikasema moyoni, anacheka desturi yetu. Lakini yeye hakuwa anacheka. Akachukua pamba na maji, akamupangusa paji la uso, akamupangusa kifua, akamubeba mpaka dirishani. Akamubonyeza pua na kidole, akaachia. Pale kidole kilitoka, ngozi ilikuwa manjano. Akamufungua jicho. Yaya, ile nyeupe ya jicho ilikuwa kama kiini cha yai.

Unakumbuka nimekuambia ni mwanamuke munene? Alikimbia. Na Fanny mikononi, alikimbia mpaka patapata zikamutoka miguuni zikabaki nyuma.

Wakamulaza uchi chini ya taa ya bulu, macho yamefungwa na kitambaa, kamupira kwa pua kwa kupitisha maziwa yangu, sababu hakuwa tena na nguvu ya kunyonya. Ndiyo maana alikuwa ametulia, yaya. Haikuwa kutulia. Tantine alikuja, akapiga kelele kwenye kolido: "Wanamukausha kama samaki! Mutoe!" Franck alikuwa bado kwenye maji. Nilikuwa peke yangu na tantine anavuta mukono, na nilikuwa bado namuogopa yule Polisi. Sikumutoa. Sijui nilipata wapi hizo nguvu. Nafikiri ni sababu siku ile, mara ya kwanza, Mama Karima aliangalia mutoto, hakuangalia mikono yangu. Ao labda hakuwa ameiangalia hata siku moja.

Manjano imeisha. Tumerudi nyumbani, dirisha wazi, tantine amenuna. Kila Jumanne tunaenda kupimwa. Kilo inapanda polepole. Kuna kitu kimoja bado wanangojea kuona, ni masikio, lakini wanasema awe kwanza mukubwa kidogo.

Yaya, nakuomba jibu moja. Henri, wakati alikuwa na ngola, alikuwa ananyonya kwa nguvu? Na mulimuosha siku gani, mukaona ngozi yake? Unijibu hiyo tu. Kwa nini nauliza, sitaandika.

Chimène


Opala, 17 Aprili 2024

Chimène,

Tuko wazima. Mama anasalimia Franck.

Masikio. Umeandika hiyo neno na mukono yako mwenyewe, mi nimeisoma nyuma ya nyumba, mbali na mama, nimeisoma tena na tena. Henri, masikio. Sasa Fanny, masikio. Watoto ni wawili, mwenye kuwabeba ni mumoja.

Sikukutetea siku ile kwenye chumba cha maombi, lakini sikukushitaki pia. Toka hapo nimekuwa na swali na sijakuuliza hata siku moja. Leo nakuuliza. Ulimufanya Henri kitu? Hata bila kujua? Wanasema mutu anaweza kuwa ndoki tangu utoto na yeye mwenyewe hajui. Sina hasira. Nataka kujua tu, na nina sababu yangu ya kutaka kujua sasa, siyo mwaka ujao.

Na wewe unaniuliza tulimuosha siku gani. Unatafuta nini? Unataka kuninyooshea mimi kidole? Henri nilimuzaa mimi. Ni mimi nilimupaka, na hii mikono yangu, mama anashika sahani. Hakunyonya sana. Alikuwa analala. Umepata? Umefurahi?

Kama huna jibu, usiandike.

Adèle


Kisangani, Mangobo
30 Juni 2024

Yaya yangu Adèle,

Salamu nyingi kutoka kwa Franck, na kutoka kwa Fanny ambaye ana mashavu sasa, alors mashavu ya kweli. Tantine Philomène amerudi kuzungumza nami tangu mutoto alimucheka. Kila mutu anaulizia Henri. Pole kwa kunyamaza kwangu. Uliandika kama sina jibu nisiandike, na jibu sikuwa nalo.

Acha nikuambie hii miezi ilipita namna gani. Barua yako iliniingia. Kila asubuhi, nyumba ikibaki tupu, nilisimama nyuma ya Fanny na kijiko na sufuria, ninapiga. Hageuki. Napiga tena. Anaangalia tu ukuta. Nikaanza kujiuliza: na kama ni kweli? Kama ninayo ndani na siijui? Nikaacha kumuosha. Nikaacha kumubeba kama si wakati wa kunyonya. Franck akauliza, "We unaogopa mutoto yako?" Nikamuambia sabuni inanipasua vidole. Yaya, mutu anayeshukiwa na wengine anaweza kukimbilia nyumbani kwake. Mi nilikuwa najishuku mwenyewe, nikimbilie wapi?

Nilimuambia Mama Karima. Nilimuambia yote, pirogue, chumba cha maombi, wewe, Henri. Nilingojea arudi nyuma. Akauliza tu, "Huyo Henri alizaliwa mbele ya wakati?" Nikasema ndiyo, kidogo, kama Fanny. "Alikuwa analala sana, hanyonyi?" Nikatoa barua yako. Akasoma pale umeandika. Akanirudishia, akasema: "Hawa wa mwezi ya nane wanatudanganya. Wanafanana na watoto waliokomaa, lakini ndani bado. Hawana nguvu ya kunyonya, manjano inawapanda haraka, na ikifika kwa ubongo inaharibu masikio, inakaza mwili. Wewe ulikuwa unabeba mutoto mugonjwa, mama. Ni hiyo tu."

Halafu Jumanne iliyopita akamuweka Fanny kwa magoti yangu. Akazunguka nyuma na kopo lenye maharagi, akalitikisa upande wa kushoto. Hakuna. Akangoja, akatikisa tena. Na Fanny akageuka, yaya! Akatafuta kopo, akamukazia Mama Karima macho kama mutu anayedai deni. Upande wa kulia pia. Mama Karima akamuambia, "Jambo, madame." Mi nikaanguka chini nalia, wenzangu wakafikiri mutoto amekufa.

Nilikuwa na jibu, lakini sikuandika. Utaniuliza kwa nini. Sababu nikijiosha mimi, yale maji machafu yanamwagika kwako na kwa mama. Nikasema, basi, nibaki tu ndoki. Nimekwisha kuzoea. Niko Kisangani, wao wako Opala.

Lakini juzi Rachidi akasema, "Na dada yako, ile tumbo! Atazaa ngoma." Nikacheka kama mutu anayejua. Alipoondoka nikakaa chini kando ya ukuta. "Tumbo inanisumbua." Kumbe ilikuwa hiyo tumbo. Miaka yote hii unangojea mimba ya pili, ukaipata, ukaificha kwangu. Iliniuma, sitakudanganya. Lakini mi pia nilikuwa na mutoto kwenye ngozi yangu mwaka huu, nikashuku kila mutu aliyepita mulangoni. Siwezi kukugombeza.

Basi kwa ajili ya hiyo tumbo naandika kile nilikataa kuandika. Henri hakuliwa na mutu. Alikuwa na manjano, na ngola iliifunika, na nyumba ilikuwa giza. Ulimupaka sababu unamupenda. Mi Fanny nilimupaka vilevile, na kama si Jumanne, ningekuwa na Henri yangu leo.

Huyu akikuja mbele ya wakati, usiamini macho ya watu wakisema amekamilika. Mupeleke hospitali hapo hapo Opala. Muamushe anyonye, hata kama anaonekana ameshiba. Usimufunge gizani. Kila asubuhi mutoe kwenye mwanga, mubonyeze pua, muangalie jicho. Ukiona manjano, ao ukiona analala hanyonyi, kimbia. Ngola itangoja. Na mutu akikuambia ni mutoto wa adabu, mufukuze.

Chana hii barua ukitaka. Ukasirike. Lakini fanya.

Mudogo yako,
Chimène


Hospitali, Opala
9 Agosti 2024

Chimène,

Nakusalimia wewe, Franck na Fanny. Henri iko na baba yake nyumbani, anakula. Mama iko hapa nje, kwenye baraza, hatuongei.

Nimezaa mutoto mwanaume. Hakungoja wakati wake. Na alionekana kamili, kama ulivyosema, watu wote walisema kamili. Mama alikuja na sahani, ngola imekwisha changanywa na mafuta. Nikamuambia, ngojea kwanza.

"Ngojea nini?"

"Nataka kumuangalia."

"Umemuzaa, haujamuona? Nani anakufundisha?"

Nikasema, "Chimène." Akaweka sahani chini polepole. Akasema, "Utalia tena, na safari hii usiniite."

Nikamutoa mulangoni, nikabonyeza pua. Hakukuwa na kitu. Nilifurahi, nitakuambia ukweli. Nilifurahi sababu nilitaka uwe muongo. Kama wewe ni muongo, basi Henri hakuharibika mikononi mwangu. Asubuhi yake nikabonyeza tena. Nikaiona, manjano. Nilikaa pale mulangoni nikaiangalia sana, Chimène, kama vile ningeikumbuka kwa Henri. Halafu nikamufunga kifuani nikapanda pikipiki, na kidonda changu cha kuzaa, na damu yangu.

Taa iko hapa, inawaka kwa sola. Wamemuweka. Manjano inashuka.

Sitaandika kwamba nimeamini yote. Usingojee hiyo. Mashaka ya miaka hii yote haitoki kwa pamba na maji. Jana nimekuota ukiwa musichana, umesimama hapa kando ya kitanda, nikaamka nikamuficha mutoto chini ya kikwembe. Halafu nikaona analala hanyonyi. Nikamuamusha kama ulivyoandika. Akanyonya.

Sasa homa imenipata. Muganga anasema taa ikiisha, mutoto asiwekwe peke yake, joto yake inashuka haraka. Anataka mutu muzima wa familia abadilishane nami, mutoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, muchana na usiku, mpaka anenepe. Akauliza, "Yule mama wa kwenye baraza si mama yako?" Nikasema ndiye, lakini si yeye nitamupatia.

Rachidi atakuchukua na pikipiki, nimekwisha kuongea naye. Kuja na Fanny, nataka kumuona akigeuza kichwa. Usipite kwanza nyumbani. Ukifika kwenye baraza, usisimame kujieleza kwa mama. Ingia moja kwa moja, na uvae shati yenye inafunguka mbele.

Adèle